Jinsi ya kugeuza chumba chako kuwa kamera, projekta baadaye

Wanaotaka kuanza sanaa ya video na mwanga huwa wananiuliza wanunue projekta gani, na mi jibu langu ni lilelile, usinunue kitu kwanza, jifungie chumbani mchana uone barabara ya nje inapita ukutani kwako. Sitanii.

Kama umekulia nyumba ya bati lenye matundu ya misumari hili unalijua tayari. Tundu limechanika vibaya lakini doa la mwanga sakafuni ni duara safi, kwa sababu lile doa ni picha ya jua lenyewe, siyo umbo la tundu. Ndo maana jua likipatwa, kama lile la 1 Septemba 2016 lililojaza watu Rujewa kule Mbeya, vidoa hivyohivyo vinageuka hilali.

Sasa kazi. Tafuta chumba chenye dirisha moja linalotazama kitu chenye uhai, barabara ya Sinza au uchochoro wa Kariakoo ni bora kuliko ukuta wa jirani. Jua linatakiwa lipige kile unachotaka kukiona, lisipige dirisha lako, kwahiyo dirisha la magharibi fanya asubuhi, la mashariki subiri alasiri. Ziba dirisha lote kwa katoni (lile boksi la friji halina mpinzani), kila ufa piga selotepu, chini ya mlango sukumia kanga. Halafu katikati ya katoni toboa tundu la kama sentimita moja na nusu, mbele yake tundika shuka jeupe au tumia ukuta wa pili.

Hapo wengi wanakata tamaa, na mi mara ya kwanza nilikuwa mmojawapo. Nilitoboa kwa sindano, nikakaa dakika mbili, sikuona kitu nikabandua kila kitu na jasho linanitoka maana feni nilikuwa nimeizima. Kosa la kwanza tundu dogo mno, picha inakuwa kali ila hafifu kupita kiasi. La pili haraka. Jicho likitoka juani linahitaji kama dakika kumi gizani ndo lianze kuona vizuri, na linaendelea kuboreka hata nusu saa, kwahiyo kaa, zima simu, tulia. Taratibu utaona mbingu ziko sakafuni na bajaji zinatembea matairi juu. Mwanga unaenda mstari mnyoofu, wa juu ya mnazi unapita tunduni unaangukia chini, wa chini unapanda. Ibn al-Haytham, mwanasayansi wa Basra, Iraki, alilichunguza hili miaka kama elfu moja iliyopita, alipanga taa kadhaa mbele ya tundu, akiifunika moja doa lake tu ndo linapotea, yaani mianga inapishana pale tunduni bila kuchanganyika. Ndani ya jicho lako picha imepinduka vilevile, ubongo ndo unakupa dunia iliyosimama.

Utashangaa pia rangi zimefifia, nyekundu ndo inawahi kuzama. Kwenye giza jicho linatumia seli zisizojua rangi. Ila weka simu juu ya kiti isitikisike, piga kwa modi ya usiku, rangi zote zinarudi! Mi hii tofauti kati ya kilichoonwa na jicho na kilichokusanywa na simu naipenda kuliko picha yenyewe, kuna kazi nzima ya sanaa humo.

Ukitaka picha kali zaidi chukua miwani ya kusomea ya plasi moja (iliyoandikwa +1), ongeza tundu kidogo libaki dogo kuliko kioo, bandika lenzi hapo, shuka lisogeze mpaka mita moja hivi kutoka dirishani kisha lisukume mbele nyuma taratibu mpaka majani ya mti yasomeke. Picha itakuwa ndogo, sawa. Bila lenzi, shuka likiwa mita tatu, daladala ya mita sita iliyopaki mita kumi na tano kutoka dirishani inatoka na urefu wa mita moja na ishirini, we chagua unataka ukubwa au ukali.

Ukialika watu wasizidi watatu, joto ni kali, na waambie kabisa wasichungulie jua kupitia lile tundu. Na mwenye nyumba mwambie mapema, wangu alikuja kugonga akijua nimehama usiku.