Kufunga krediti Marekani, na kwa nini benki yako bado inachungulia

Jumamosi iliyopita jirani yetu, mama wa Kikongo aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa hapa Ohio, alinigongea mlango na karatasi mkononi. Wiki tatu nyuma nilimsaidia kufunga krediti, au kufriza kama wengi wetu tunavyosema, yaani kuzuia mtu asifungue akaunti mpya ya mkopo kwa jina lake, baada ya kupokea barua kuhusu kadi ambayo hakuiomba. Sasa kwenye ripoti yake ya krediti ameona kwamba benki imemkagua, na tarehe ni ya baada ya kufunga.

"Mwanangu, si ulisema tumefunga? Hawa wamepitia wapi?"

Hakuna aliyevunja mlango. Nitafika huko kwenye hatua ya 4. Ndugu zangu wa Kenya, kwanza tuelewane: hii si kuwekwa CRB, kule kuorodheshwa kama mdaiwa sugu. Ni kufuli unajiwekea mwenyewe, na alama zako za krediti hazishuki hata moja. Tangu Septemba 2018 ni bure kwa sheria ya shirikisho. Ukidaiwa hata dola moja, ujue umeingia pasipo.

Hatua ya 1: Kampuni tatu, si moja

Equifax, Experian na TransUnion, zinazotunza kumbukumbu za mikopo yako. Funga kila moja kivyake, maana haziambiani. Andika anwani ya tovuti mwenyewe, usibonyeze matangazo ya Google. Ukiona neno "lock" wanalokuuzia kwa mwezi, lipite. Unachotafuta ni "security freeze". Mimi hutumia kompyuta. Kwenye simu kitufe cha bure hujificha chini kabisa, cha kulipia ndicho kinachong'aa.

Hatua ya 2: Kuthibitisha kwamba wewe ni wewe

Hapa ndipo tulipokaa kuanzia saa nane mchana hadi saa moja usiku.

Majina yetu ndiyo shida. Kadi yake ya Social Security ina majina matatu, leseni ina mawili, na benki ililigeuza jina la baba kuwa jina la kati. Tarehe ya kuzaliwa ni 1 Januari, kama wakimbizi wengi walivyoandikiwa. Tukajaza kama kadi ya Social Security inavyosema, tukakataliwa. Tukajaza kama leseni, tukakataliwa tena, kisha ukurasa ukatufungia nje.

Kilichosaidia ni taarifa ya mwezi ya kadi yake ya mkopo. Kampuni hizi zinakujua kwa jina ambalo wakopeshaji wako wamewapelekea, kwa hiyo nakili lile lile, herufi kwa herufi. Anwani nayo hivyo hivyo: kama umehama mwezi jana, jaribu ile ya zamani. Wakikuuliza maswali ya mtaa uliokaa au mkopo wa gari, usibahatishe. Mara nyingine jibu sahihi ni "hakuna kati ya haya", na mama alikosa swali moja kwa kuona aibu ya kulichagua.

Mbili zilikubali. Ya tatu ilibidi tuandike barua: nakala ya kitambulisho, nakala ya kadi ya Social Security, na bili yenye anwani. Nakala, si kadi zenyewe! Nikakosea mimi: niliweka bili ya umeme yenye jina la mume wake, bahasha nzima ikarudi. Bili iwe na jina lako. Tuma kwa barua ya rejista, utunze risiti. Kwa posta wana siku 3 za kazi tangu barua iwafikie. Kwa simu au mtandaoni ni siku 1.

Hatua ya 3: Andika neno la siri kwenye daftari

Daftari, si kipande cha karatasi.

Hatua ya 4: Soma ripoti bila kushtuka

Ripoti ni bure kila wiki kwenye annualcreditreport.com. Kufuli hili linamzuia anayetaka kukufungulia akaunti mpya. Yule ambaye tayari una akaunti kwake sheria inamruhusu kuangalia: kufuatilia deni lako, au kuamua kama akuongezee kiwango cha kadi. Wakusanya madeni nao wanaruhusiwa, na kampuni za bima, na mwajiri au mwenye nyumba anayekukagua.

Ukaguzi wa namna hiyo mara nyingi huwa mwepesi: unauona wewe peke yako na haugusi alama. Ule mzito, unaofuata ombi la mkopo, hukaa miaka 2 na wakopeshaji wengine wanauona. Ukikuta mzito usioujua, piga simu siku hiyo hiyo.

Kabla ya kupiga, kumbuka kadi za maduka. Mama aliniapia hana akaunti na Synchrony, benki ile aliyoiona kwenye ripoti. Nikamwambia atoe kadi yake ya Lowe's, duka la vifaa vya ujenzi, tukaigeuza nyuma: Synchrony hiyo hapo, kwa maandishi madogo. Akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini mwizi mwenye namba ya kadi uliyo nayo tayari, kufuli hili halimzuii. Taarifa za mwezi utazisoma tu.

Hatua ya 5: Kufungua kwa muda

Ukienda kununua gari, muulize muuzaji watatumia kampuni ipi, ufungue hiyo tu, kwa siku mbili. Atakwambia "fungua zote". Usikubali kabla hajataja jina. Mtandaoni au kwa simu lazima wafungue ndani ya saa 1. Hata kadi mpya kutoka benki yako ile ile ni ombi jipya, kwa hiyo jiandae kufungua.

Mama sasa anataka kuwafungia na watoto wake wawili. Walio chini ya miaka 16 kwa kawaida hupitia posta, pamoja na cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya mzazi. Watoto wawili, kampuni tatu: Jumamosi hii tunatoa nakala za bahasha sita, na bili ni ya jina lake.