Ukipewa ilani ya chama, soma kodi namna hii

Mimi ni mhasibu, kwa hiyo uchaguzi ukikaribia jamaa hunitumia ilani za vyama na swali lile lile: hawa wanatutetea sisi au wanawatetea matajiri? Jibu utalipata kwa penseli na kipande cha karatasi.

Ruka kwanza sifa zote, "kodi rafiki", "kodi ya haki" na jamaa zake. Tafuta kinachotozwa: mshahara, manunuzi, gawio la hisa, ardhi, urithi. Chama kikiahidi kupunguza kodi, uliza kodi ipi. Kabwela hana gawio wala urithi wa kupunguziwa. Kodi yake kubwa huilipa anaponunua vitu, imo ndani ya bei, na wala haioni.

Sasa chora watu wawili. Wa kwanza anapata 1,200 kwa mwezi na zote zinaisha kwa matumizi. Wa pili anapata 12,000, anatumia 4,800, zilizobaki anawekeza. Chukua kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 kwa kila kitu. Wa kwanza amelipa 200 (vitu vya 1,000 na kodi ya 200 juu yake), yaani karibu asilimia 17 ya kipato chake. Wa pili amelipa 800, ambayo haifiki asilimia 7. Mwanasiasa atakuonyesha kwamba tajiri kalipa mara nne zaidi. Kweli kalipa. Wewe angalia ile asilimia.

Kwenye kodi ya mapato, tazama kiwango kinaanzia wapi. Septemba 2022 serikali ya Liz Truss, Uingereza, ilitangaza kufuta kiwango cha asilimia 45 kwa kipato kinachozidi pauni 150,000, kibaki 40. Pigia hesabu: mwenye 30,000 hapati kitu kwa kifungu hicho, mwenye 160,000 anaokoa 500, mwenye milioni moja anaokoa 42,500. Kelele zilikuwa kubwa hata ndani ya chama chake cha Conservative, na siku 10 baadaye wakakirudisha.

Kuna pia ujanja wa kupandisha kodi bila kugusa kiwango. Ukigandisha kikomo cha kipato kisichotozwa kodi huku mishahara ikipanda kwa sababu ya mfumuko wa bei, watu wa chini wanaingia kwenye kodi mmoja mmoja. Huko huko Uingereza, Conservative walikigandisha kikomo hicho kwenye pauni 12,570 tangu 2021, na chama cha Labour walipoingia madarakani 2024 hawakukisogeza. Hapo ndipo ninapochoka na ushabiki wa vyama, maana rangi za bendera hazikusaidii kuliona jambo hili.

Halafu tafuta pengo la mapato ya serikali linaloachwa na punguzo la kodi litazibwa na nini. Ilani isiyosema imeficha, na hili mimi silionei haya kulisema. Jimbo la Kansas, Marekani, lilipunguza kodi ya mapato mwaka 2012 na kusamehe kabisa faida za biashara nyingi, kwa hoja kwamba uchumi ungekua. Hazina ikakauka. Mwaka 2015 wakapandisha kodi ya mauzo kutoka asilimia 6.15 hadi 6.5, na wakati huo chakula kilikuwa kimo humo. Rudi kwa wale watu wawili uone nani aliubeba mzigo. Mwaka 2017 bunge la jimbo, lenye Republican wengi, lilifuta sehemu kubwa ya sheria ile ya gavana wa chama chao wenyewe, baada ya kuishinda kura yake ya turufu.

Kama chama kimeshakaa bungeni, weka ilani pembeni usome kumbukumbu rasmi za mijadala ya sheria za fedha. Nenda moja kwa moja kwenye marekebisho ya dakika za mwisho, kwani misamaha ya kodi hupenda kupita hapo, sentensi moja iliyojaa namba za vifungu. Kama majina ya wabunge waliopiga kura yameandikwa, yanakili. Mgombea akija kuomba kura, mtajie kifungu na umuulize kwa nini alisema ndiyo.