Vidonge vya prednisoloni: namna ya kuvimeza, na hasa namna ya kuviacha

Juni ya mwaka jana, baridi ya Uyole ikiwa imekaza, mama yangu mdogo aliletwa kutoka msibani Tukuyu akiwa hawezi hata kukaa. Anatapika, tumbo linamuuma, akiinuka kizunguzungu, presha iko chini. Malaria akapimwa, hana. Akatundikiwa dripu. Mimi ni muuguzi na vidonge hivi nimevigawa miaka mingi, lakini ilifika jioni ndipo nikamuuliza: "Mama, vile vidonge vya asubuhi umemeza lini mara ya mwisho?" Vilikuwa vimeisha siku nne nyuma. Ni prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, na alikuwa ameimeza miezi mitano kwa ajili ya baridi yabisi. "Mwanangu, ningeachaje msiba wa watu nikahangaike na duka la dawa?"

Akachomwa sindano ya haidrokotisoni, steroidi nyingine, miligramu 100. Kesho yake asubuhi aliomba uji. Haya ninayoandika ndiyo niliyomwelekeza yeye, na ambayo sasa namwelekeza kila anayenijia na bahasha ya prednisoloni.

Hatua ya 1: Soma miligramu, usihesabu vidonge tu

Prednisoloni tunayoipata huku mara nyingi ni ya miligramu 5. Ukiandikiwa miligramu 40, ni vidonge vinane kwa mkupuo. Watu hushtuka, wakameza vinne wakidhani daktari kakosea. Hajakosea.

Deksamethasoni, nayo steroidi, ndiyo inayodanganya macho. Kidonge kimeandikwa 0.5, kinaonekana si kitu, kumbe miligramu 0.75 zake zina nguvu sawa na miligramu 5 za prednisoloni. Hiyo ndiyo dada zetu wanauziwa kama dawa ya kunenepa. Uso ukijaa na kuwa duara, mashavu yakavimba, hiyo si afya, ni dawa. Dada, kama umekuwa ukiimeza kwa wiki kadhaa, usiitupe leo kwa hofu. Nenda hospitali useme ukweli, kwa sababu hatua ya 4 inakuhusu na wewe.

Hatua ya 2: Meza asubuhi, umeshakula

Dozi yote mara moja, isipokuwa daktari ameandika vingine. Ukimeza usiku hulali. Na usichanganye na diklofenaki, ile dawa ya maumivu, tumbo linaweza kupata vidonda.

Hatua ya 3: Kabla ya kuanza, sema haya bila kuulizwa

Umewahi kuugua kifua kikuu, au nyumbani kuna anayekohoa muda mrefu? Sema, maana steroidi hulegeza kinga na ugonjwa uliolala huamka. Kama uko kwenye dozi ya kifua kikuu yenye rifampisini, sema pia, kwa kuwa rifampisini hupunguza nguvu ya prednisoloni mwilini.

Unatumia dawa za VVU? Mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo yenye maambukizi mengi, kwa hiyo hili si la kuonea aibu. Dawa zenye ritonavia hufanya steroidi ijae mwilini kupita kiasi, hata ile ya kuvuta ya pumu.

Una sukari, presha, au vidonda vya tumbo? Sema.

Unalima peku? Hili huulizwa mara chache sana, nami linaniuma. Kuna minyoo midogo, strongiloidi, inayopenya ngozi ya mguu kwenye udongo wenye unyevu na kukaa mwilini miaka bila dalili. Kinga ikilegea, huzaliana, husambaa na huua. Dozi moja ya albendazoli haitoshi kuimaliza. Dawa yake ni ivamektini, mwombe daktari aifikirie mapema.

Hatua ya 4: Kupunguza

Hapa ndipo watu wanaumia, kwa hiyo nivumilie.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza kotisoli, homoni inayoshikilia presha, sukari na nguvu za mwili. Ukiletewa steroidi kutoka nje kila siku, tezi hulala. Ukikata ghafla, ya nje haipo na ya ndani bado haijaamka. Hicho ndicho kilichompata mama mdogo.

Kama ulipewa kwa siku chache, mfano siku 5 hadi 7 kwa pumu iliyobana, kwa kawaida unamaliza na kuacha bila kupunguza. Ila kama umepewa dozi fupi kama hizo mara kwa mara mwaka huu, mwambie daktari, maana zinajumlishwa. Ukishapita wiki 3, usiache kwa siku moja, hata ukijisikia mzima kabisa.

Bahasha ya mama mdogo iliandikwa "punguza polepole". Polepole ya nani? Usiondoke dirishani na neno hilo. Omba namba na tarehe. Yeye baadaye alipangiwa hivi: miligramu 15 kwa wiki mbili, 10 kwa wiki mbili, 7.5 kwa mwezi, 5 kwa mwezi, kisha arudi kliniki. Hiyo ni ratiba yake, usiiige. Angalia tu umbo lake: juu unashuka haraka, chini unashuka taratibu, kwa sababu chini ndiko tezi inakotakiwa kuamka.

Mimi sipendi kengele ya simu kwa kazi hii. Simu inazimika chaji, au mjukuu anaichukua. Chukua kalenda ya ukutani, andika idadi ya vidonge kwenye kila tarehe kwa kalamu nyekundu, na ukishameza kata mstari. Kwa 7.5 utahitaji nusu kidonge: omba vyenye mstari katikati. Vilivyopakwa ganda la kulinda tumbo havikatwi.

Ukishuka, mwili unaweza kuuma wote, uchovu ukazidi. Viungo vikivimba na kukakamaa asubuhi, huenda ni ugonjwa unarudi. Kwa lolote kati ya hayo, mwone daktari wiki hiyohiyo. Ukitapika ukashindwa kubakiza kidonge, au ukizirai, ni hospitali saa hiyohiyo ukachomwe sindano. Homa kali nayo hudai dozi zaidi, mara nyingi maradufu kwa siku chache. Muulize daktari mapema, akuandikie.

Hata ukimaliza, tezi inaweza kuchukua mwaka kuamka sawasawa. Ukipelekwa chumba cha upasuaji ndani ya muda huo, waambie.

Hatua ya 5: Vipimo

Presha na sukari kila kliniki, macho mara moja kwa mwaka. Kikohozi cha wiki mbili, kapime kifua kikuu.

Hatua ya 6: Kadi na akiba

Andika kwenye kipande cha karatasi ngumu: "Natumia prednisoloni kila siku. Nikizirai au nikitapika, nahitaji haidrokotisoni." Ya mama mdogo iko kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho cha NIDA. Vidonge hununua vikibaki vya wiki moja, hasubiri viishe. Na kila anaposhuka Tukuyu, kwa msiba au harusi, kichupa kiko ndani ya mkoba kabla khanga hazijaingia.