Skolashipu ya kusoma pati taimu ukiwa mtu mzima: inatafutwaje

Kuna watu wengi tu wana miaka thelathini na kitu, arobaini na kitu, wengine hamsini kabisa, hamu ya kusoma wanayo na akili wanayo, ila wameshajiambia kwamba skolashipu ni za vijana waliomaliza shule juzi na alama za juu. Si kweli jamani. Ipo mifuko iliyotengwa kabisa kwa ajili ya mtu mzima ambaye maisha yalimkatisha shule: mama anayelea watoto peke yake, anayemuuguza mzazi nyumbani, mkimbizi, mwenye ulemavu, aliyetoka jela, aliyekulia kwenye kituo cha watoto. Tatizo ni kwamba mifuko hii haipigiwi kelele kama ile ya vijana, mara nyingi imefichwa ndani kabisa ya tovuti ya chuo, kwa hiyo lazima uitafute kwa utaratibu.

Usianze na fomu ya hela, anza na chuo. Nasema hivi kwa sababu skolashipu nyingi za watu wazima zinatolewa na chuo chenyewe, na huruhusiwi hata kuomba kama hujapata nafasi ya kozi au angalau hujaiomba. Tafuta vyuo ambavyo tangu mwanzo vilijengwa kwa ajili ya watu wenye kazi na familia. Birkbeck ya London imeanza 1823 ikifundisha wafanyakazi jioni. Open University ya Uingereza ilianzishwa 1969, na kozi zake nyingi za digrii ya kwanza hazidai cheti cha shule, na ina ufadhili wa watu wanaouguza ndugu zao na wa watu waliokimbia makwao. University of the People, iliyoanza 2009, inafundisha onlaini na haitozi ada ya masomo, ila unalipia maombi na unalipia kila kozi unayofanyiwa tathmini. Hapo ndo watu wanateleza, wanasikia hamna ada wanadhani ni bure kabisa. Nayo ina skolashipu za kukulipia hizo gharama kama huzimudu, kwa hiyo ziombe mapema.

Ukishapata chuo, soma masharti ya skolashipu mpaka uone kwa macho yako imeandikwa inakubali pati taimu. Mifuko mingi sana inalipia wanafunzi wa ful taimu tu na hawaandiki wazi, wanasema tu mwanafunzi asome krediti fulani kwa mwaka (krediti ni kipimo cha wingi wa masomo), na ukipiga hesabu unakuta mtu wa pati taimu hafiki. Halafu angalia wanalipa kwa muda gani. Chukua digrii ya Open University: inahitaji krediti 360, mtu wa pati taimu akisoma 60 kwa mwaka ni miaka 6. Sasa mfuko ukikulipia mwaka wa kwanza peke yake, hiyo mitano inayobaki nani analipa? Si kwamba uikatae, mwaka mmoja wa bure ni kitu kikubwa, lakini ujue kabla hujaingia.

Andika imeili kwa ofisi ya ufadhili, usiogope, kujibu maswali ndo kazi yao. Mimi ningeandika hivi hivi:

"Habari za kazi. Nina mpango wa kusoma kozi fulani pati taimu kuanzia muhula ujao. Naomba kujua: je, ufadhili huu unalipia pati taimu? Unalipia kozi nzima au mwaka mmoja? Nikilazimika kupunguza masomo au kuahirisha muhula kwa sababu ya ugonjwa au mtoto, ufadhili unasimama au unafutwa? Na hela inaenda moja kwa moja chuoni, au nalipa kwanza mimi halafu mnanirudishia?"

Hilo swali la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Mtu asiye na akiba hawezi kulipa kwanza akasubiri kurudishiwa miezi mitatu, hata kama kwenye karatasi amefadhiliwa asilimia mia. Na lile la kuahirisha usiliache, kwa sababu mtu mzima ndo huyo huyo anayepigiwa simu katikati ya muhula kwamba mtoto amelazwa.

Kingine, ada mara nyingi siyo inayomwangusha mtu. Kinachomwangusha ni nauli, bando la intaneti, kompyuta, mtu wa kukaa na mtoto siku ya mtihani, na siku za kazi anazokatwa mshahara. Vyuo vingi vina mfuko wa dharura wa wanafunzi wenye shida, tofauti na skolashipu, na unaombwa ukishasajiliwa. Ulizia huo pia. Na kama unapokea msaada wowote wa serikali, uliza kwanza kama hela ya skolashipu itahesabiwa kama kipato, isije ikaingia huku ikakatwa kule.

Makaratasi anza kuyakusanya hata kabla hujaamua chuo maana yanachosha. Cheti kilichopotea kinachukua muda kupata nakala yake. Jina la kwenye cheti na la kwenye kitambulisho yakitofautiana, mfano umebadilisha baada ya ndoa, tafuta hati ya kiapo mapema. Kama huna hati ya mshahara kwa sababu unafanya kibarua au biashara ndogo, uliza wanakubali nini badala yake, wengine wanapokea taarifa ya benki au barua ya ofisi ya serikali ya unapoishi. Na kama huna cheti kabisa ila una uzoefu wa kazi wa miaka, uliza kuhusu kutambuliwa kwa ujuzi ulionao, vyuo vingi vina huo mlango na watu hawaujui.

Sasa barua ya kujieleza, na hapa nataka ukae chini utulie. Watu wanaandika "nimepitia maisha magumu sana naomba mnisaidie nitimize ndoto yangu". Anayesoma barua hizo amezisoma nyingi za namna hiyo na hana cha kushika. Linganisha na hii: "Niliacha shule nikiwa na miaka 15 baada ya baba kufariki, nikaanza kazi. Miaka 9 sasa nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulea wazee. Mwaka jana nilimaliza kozi fupi ya hisabati onlaini, nilikuwa nasoma nikitoka zamu kabla watoto hawajaamka. Nataka kusomea uuguzi kwa sababu dawa ninazoona wazee wakipewa kila siku nataka kuzielewa." Huyu wa pili hajalia hata mara moja lakini shida yake unaiona, na uwezo wake unauona. Shida itaje kwa sentensi mbili tatu, nafasi iliyobaki onyesha kwamba ukipewa hutaacha njiani. Na huhitaji kumwaga kila jeraha la maisha yako kwa mtu usiyemjua, sema kile tu kinachogusa masomo.

Hiyo kozi fupi siyo mapambo. Kamati zinazochagua wa kupewa skolashipu zinataka ushahidi kwamba umesoma karibuni, na kozi za bure zipo, kwa mfano OpenLearn ya Open University ambayo ipo tangu 2006. Maliza moja ndogo tu, inakusaidia na wewe mwenyewe kujua kama ratiba yako inaweza kubeba masomo.

Mdhamini wa barua, yaani anayekuandikia barua ya kukupendekeza, si lazima awe mwalimu, msimamizi wako wa kazi anatosha sehemu nyingi. Mpe wiki kadhaa na mwandikie mambo ambayo ungependa ayaguse. Kama mwajiri ndo anayekulipia ada, soma mkataba, wengi wanataka ubaki kazini miaka kadhaa baada ya kumaliza na ukiondoka unadaiwa.

Yeyote anayekuomba hela ili akupe skolashipu, achana naye. Ada ya maombi ya chuo ipo, hiyo ni kawaida, ila ya "kuachilia ufadhili wako" ni utapeli. Na hakikisha chuo kinatambuliwa na mamlaka ya elimu ya juu ya nchi unayotaka kukitumia cheti.

Ukikataliwa uliza sababu na uliza dirisha linalofuata linafunguliwa lini. Ukikubaliwa, omba barua rasmi inayotaja wanalipa nini, kiasi gani na kwa miaka mingapi, ndo usaini usajili.