Jinsi ya kupima drai mata (kinachobaki nyama ya tunda ikikaushwa maji yote) ya parachichi nyumbani kabla dalali hajaingia shambani

Wakulima wenzangu wa Kibosho, Machame, Old Moshi na kote kwenye vihamba vya Kilimanjaro, naandika hii sababu inaniuma, kila msimu namwona mtu anavuna parachichi aina ya Hass changa kisa dalali kaja na kreti na hela mkononi, alafu tunda likikaa ndani halilainiki, linasinyaa tu linakuwa kama mpira.

Parachichi halilainiki likiwa mtini kwahiyo kubonyeza hakukusaidii. Linavyokomaa maji yanapungua na mafuta yanaongezeka. Kule California tangu 1925 sheria ilitaka mafuta yafike asilimia 8, ila kupima mafuta mpaka maabara, ndo watafiti wa chuo kikuu cha kule wakaonyesha ukikausha nyama ya tunda ukapima kinachobaki unapata jibu lilelile. Miaka ya 1980 hiyo drai mata ikawa ndo kigezo, kwa Hass wao wanataka angalau asilimia 20.8, soko la kimataifa 21, na wanunuzi wengi wanataka zaidi ya hapo.

Sasa fanya hivi. Chuma matunda kama kumi, miti tofauti, upande wa jua na wa kivuli. Pasua, toa kokwa, na hapo liangalie lile ganda linalofunika kokwa: likiwa bado jeupe na nene tunda ni changa, likiwa la kahawia limekauka kama karatasi mambo yanaenda vizuri. Menya, kata vipande vyembamba sana, changanya, pima gramu 100. Usipime gramu 10 kwa mzani wa jikoni, ukikosea gramu moja tu umekosea asilimia kumi nzima!

Tandaza kwenye sahani, weka maikrowevu moto mdogo, dakika chache chache, toa pima rudisha, mpaka uzito ugome kushuka. Kikiungua tupa uanze upya. Huna maikrowevu? Oveni ya keki nyuzi 65, acha kutwa. Zikibaki gramu 24, drai mata yako ni 24.

Ukipata 19 funga kitambaa kwenye miti uliyochumia, rudia baada ya wiki mbili miti hiyohiyo. Na usivune kisa jirani wa chini kavuna, huku juu kwenye baridi yanachelewa. Ukikwama nenda TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Tengeru pale Arusha, matunda ndo kazi yao, beba na matunda yako.