Kununua nyumba ya vyumba vya kupanga Dar: kuanzia karatasi hadi kugawa LUKU

Mwongozo huu ni wa anayenunua nyumba ya vyumba sita hadi kumi, tuseme Mbagala, Tabata au Kimara, ambayo tayari ina wapangaji ndani.

Hatua ya 1: Karatasi

Nyumba yenye hatimiliki ifanyie upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla hujatoa hata kishika uchumba. Utaona jina la mmiliki, rehani ya benki na zuio kama lipo. Ikiwa ni leseni ya makazi, tazama muda wake umebaki kiasi gani. Ikiwa ni karatasi ya mauziano tu, jua kwamba muhuri wa serikali ya mtaa unaonyesha walisaini mbele ya mwenyekiti, hauonyeshi kwamba nyumba ilikuwa ya muuzaji. Hapo kawaulize majirani wa pande zote.

Ridhaa ya mwenza wa ndoa iandikwe na isainiwe mbele ya wakili, hata kama hati ina jina la mume peke yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda mwenza kwenye nyumba ya familia. Nyumba ya urithi inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi.

Hatua ya 2: Kodi iliyokwisha kuliwa

Wapangaji wengi hulipa miezi mitatu, sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na fedha hiyo imo mfukoni mwa muuzaji. Pita chumba kwa chumba, uone risiti au ujumbe wa malipo kwenye simu, uandike nani amelipa hadi lini. Vyumba sita vya 60,000 vilivyolipiwa miezi mitano mbele ni 1,800,000. Kiasi hicho kitoke kwenye bei, pamoja na dhamana zote alizoshika. Usijaribu kuwatoza wapangaji mara ya pili; unanunua nyumba pamoja na mikataba yake.

Hatua ya 3: Maji na shimo la choo

Ulizia deni la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, kwa namba ya akaunti. Nenda tena baada ya mvua kubwa, uangalie kama shimo linafurika na kama kuta zina mstari wa maji.

Hatua ya 4: Umeme

Ugomvi wa nyumba za kupanga unaanzia kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ikiwa moja ya wote. Mwenye friji anachangia sawa na mwenye taa moja na chaja ya simu. Kuweka viwango vya kukadiria, friji kiasi hiki, pasi kiasi hiki, hakumalizi ugomvi. Pima.

Kwanza elewa bei. Mteja wa D1, daraja la watumiaji wadogo wa nyumbani, ambaye hatumii zaidi ya uniti 75 kwa mwezi, hulipa takriban shilingi 122 kwa uniti pamoja na VAT na tozo. Mita ya vyumba sita huvuka kiwango hicho na kuangukia T1, daraja la matumizi ya kawaida, kama shilingi 356 kwa uniti. Kwa hiyo nyumba yenye sehemu zinazojitegemea, kila moja na choo na jiko lake, iombee mita za TANESCO, shirika la umeme, moja moja. Kwa vyumba vya kawaida funga mita ndogo, yaani mita yako mwenyewe ya kila chumba baada ya mita kuu ya TANESCO.

Mita ndogo zenyewe si kazi. Kazi ni nyaya. Nyumba nyingi za zamani zina saketi moja ya taa inayozunguka vyumba vyote, na fundi mvivu atakufungia mita kwenye soketi tu, taa akaziacha zilivyo. Mkatalie. Kila chumba kiwe na breka yake, waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi, na nyutro yake (waya wa kurudisha umeme) mpaka kwenye mita. Nyutro za vyumba viwili zikigusana, swichi ya kinga dhidi ya umeme unaovuja inaweza kuwa inaanguka hovyo, na baadhi ya mita zitasoma vibaya. Taa za nje na pampu zipewe mita yake, ambayo unailipia wewe.

Kabla hujamlipa fundi, zima breka ya chumba kimoja. Chumba hicho kife chote, taa, feni na soketi, na vingine viendelee kuwaka. Rudia kwa kila chumba. Usikubali kuoneshwa kimoja cha mfano.

Kila tarehe 1 piga picha ya mita zote. Mita kuu ikionyesha uniti 180 zimetumika mwezi huo, vyumba 168 na mita ya nje 8, zimepotea 4. Hiyo ni kawaida. Zikianza kupotea 15 au 20, kuna waya umepita nje ya mita, na ni rahisi kuukamata mapema.

Kuna jambo moja linalowapunja wapangaji bila wengi kujua. Kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na miezi ambayo umeme haukununuliwa hujilimbikiza. Ukinunua 20,000 mwanzo wa mwezi, umeme ni wa 18,500, karibu uniti 52. Ukigawa 20,000 kwa 52, unamtoza mpangaji 385 kwa uniti badala ya 356. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba. Itoe kwanza, ndipo ugawe. Ukiwa na mita kadhaa za TANESCO kwenye jengo moja, peleka namba zake zote kwa mamlaka inayokusanya kodi ya jengo ili isikatwe kwenye kila mita.

Hatua ya 5: Kukabidhiana

Muuzaji asaini barua kwa kila mpangaji ikitaja mmiliki mpya, namba ya kulipia na tarehe ambayo kodi yake inaishia. Siku hiyohiyo piga picha ya mita ya kila chumba, mpangaji akiwepo, na asaini usomaji wake.