Namna ya Kuwauliza Wakazi wa Mji Nani Aendeshe Maji Yao

Anayetaka kujua kama wakazi wa Dar es Salaam wanapendelea maji yaendeshwe na serikali au na kampuni binafsi asianze na swali hilo, kwa kuwa wengi wa wenye umri mkubwa watajibu kwa kuikumbuka City Water, kampuni binafsi iliyowahi kuendesha maji ya mji huo, si kwa hali ya bomba la nyumbani kwao. Kampuni hiyo, ambayo wabia wake walikuwa Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya hapa nchini, ilianza kazi Agosti 2003 kwa mkataba wa miaka 10, nao ukavunjwa na serikali Mei 2005.

Anza na bomba lenyewe. Uliza maji hutoka siku ngapi kwa wiki, ankara inasomeka vipi, na fundi huchukua muda gani kufika bomba linapopasuka. Ndipo utenganishe maswali ambayo watu huyachanganya: nani amiliki mabomba, nani ayaendeshe na kukusanya malipo, nani apange bei, na nani agharimie upanuzi. Katika mkataba ule mitambo ilibaki mali ya umma chini ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, na kampuni ilikodishiwa uendeshaji tu. Hata hivyo, mtu akikwambia kwamba maji "yaliuzwa", usimsahihishe. Andika kauli yake ilivyo, kisha umuulize anakusudia nini, maana mara nyingi jibu la pili ndilo lenye maoni yake halisi.

Usichague wahojiwa kutoka orodha ya wateja wenye mita peke yake. Anayenunua maji kwa dumu la lita 20 kwa jirani mwenye kisima, kwa mkokoteni au kwa boza tayari anahudumiwa na mtu binafsi, tena mara nyingi anayejipangia bei mwenyewe, na kumwacha nje ni kuupotosha utafiti mzima. Mhoji anayechota, si mwenye nyumba tu. Jitambulishe kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, lakini umwombe kwa heshima asiandamane nawe, kwa kuwa mbele yake wachache watailaumu serikali.

Majibu ya wenye mita na ya wasio nayo yaandikwe kila kundi peke yake, kisha yawasilishwe kwenye mkutano wa taftishi, yaani wa kukusanya maoni ya umma, ambao EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, huuitisha mamlaka ya maji inapoomba kubadili bei.